Kuonyesha saa za Kiswahili kwenye Roundcube bila kuvunja mipangilio ya wengine

Swali: "Shikamoo kaka. Natunza barua pepe za ofisi ya ushirika wa korosho hapa Newala. Tuna seva yetu wenyewe na tunatumia Roundcube, ile programu ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari. Makarani waliniomba orodha ya barua iwaonyeshe saa kama tunavyozitaja sisi, yaani badala ya 09:15 isomeke saa 3:15 asubuhi. Niliingia kwenye faili la programu linalopanga tarehe, nikaongeza mistari kama kumi, ikakubali. Wiki iliyopita nikapandisha toleo, kila nilichofanya kikafutika. Nimelirudisha toleo la zamani ili makarani wasinigombeze. Sasa nataka liwe chaguo ambalo mtu analiwasha mwenyewe, na ikiwezekana nilipeleke kwa wenye mradi liwafae wengine. Rafiki yangu anayeandika programu ananionya kuwa nitavunja ulinganifu. Ulinganifu gani huo, na nitaulindaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijagusa swali lenyewe, nakuomba usilale na hilo toleo la zamani. Juni 2025 Roundcube ilitoa matoleo ya 1.6.11 na 1.5.10 kuziba tundu lililosajiliwa kwa namba CVE-2025-49113. Tundu hilo lilimwezesha mtu mwenye akaunti moja tu, hata iwe ya karani wa mapokezi aliyeibiwa nywila, kuendesha amri zake ndani ya seva. Lilikuwepo tangu toleo la 1.1.0, kwa hiyo lilikaa miaka mingi bila watu kulijua. Kama ulichorudisha kiko chini ya hapo, pandisha leo, makarani wasome 09:15 kwa wiki moja. Wanayo hesabu ya kugeuza saa kichwani tangu utotoni, watavumilia. Seva iliyoingiliwa msimu wa korosho ukiwa umeanza haivumiliki.

Na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukataa mtu aguse mafaili ya programu yenyewe. Watu hudhani hasara ni kwamba marekebisho yatafutika. Hasara ya kweli ni kwamba aliyeyagusa huanza kuogopa kupandisha toleo. Ile skripti ya installto.sh unayotumia kupandisha kazi yake ni kuweka mafaili mapya juu ya yale ya zamani; folda ya config, yenye mipangilio yako, inaachwa, na programu-jalizi zako, yaani vipande vya nyongeza unavyovifunga mwenyewe, zinaachwa. Kwa hiyo ilikufutia kilichokuwa mahali pake pa kufutwa. Haikukosea.

Sasa tuje kwenye hicho kipande cha msimbo ulichokigusa. Bila shaka ni format_date, maana ndiyo inayopokea tarehe ya barua na kurudisha maandishi ya kuonyesha. Uliiona kwenye orodha ya barua, ukadhani ni ya orodha ya barua. Lakini ni mlango wanaopita wengi. Unapofungua barua, tarehe iliyo juu imepita hapo. Programu-jalizi zinazotaka kuonyesha tarehe hupita hapo. Na unapobonyeza Jibu, ule mstari unaotangulia maneno ya mwenzako, unaosema tarehe fulani saa fulani fulani aliandika, nao umepita mlango huohuo.

Fikiria hilo la mwisho kwa ofisi ya korosho. Sehemu kubwa ya korosho ghafi za kwetu huishia India na Vietnam. Mnunuzi anakuandikia Jumatatu tarehe 3 Machi saa 09:15, karani anamjibu, na chini ya jibu mnunuzi anaona ameandikiwa kuwa barua yake ilikuwa ya saa 3:15. Kwake yeye hiyo ni saa tisa na robo usiku, wakati ambao hakuwa hata macho. Hata ukiongeza neno "asubuhi", halimwambii kitu. Siku mkibishana nani alileta bei kabla ya muda kufungwa, barua zenyewe zitakuwa zinapingana kwa saa sita, na zimetoka kwenu. Ulichotaka kiwe cha macho ya karani kimesafiri hadi kwa mtu wa nje.

Huo ndio ulinganifu wa kwanza, na kwangu ndio mzito kuliko yote: kinachoonyeshwa kibadilike utakavyo, kinachohifadhiwa na kinachotumwa kibaki kilivyo. Kichwa cha tarehe ndani ya barua kina umbo lake lililowekwa na kanuni ya barua pepe iitwayo RFC 5322 ya mwaka 2008, na kabla yake RFC 822 ya 1982. Barua iliyotoka hapa kwetu wakati huohuo ndani yake imeandikwa Mon, 3 Mar 2025 09:15:07 +0300, na hayo majina ya siku na mwezi ni ya Kiingereza hata kama barua imetoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Si dharau kwa lugha yetu. Ni kwamba mashine iliyopo Hanoi na iliyopo Newala lazima zisome kitu kimoja, na ile +0300 ndiyo inayoiambia ya Hanoi ihesabu vipi. Kiswahili kinaingia pale mashine inapozungumza na mtu, na hapo kinapaswa kuingia kwa haki zote.

Usiogope kuhusu kupanga barua kwa tarehe. Seva ya IMAP, ile inayotunza barua zenyewe, hupanga kwa tarehe halisi za barua, haijui wala haisomi ulichochora kwenye kioo. Ilimradi usiandike msimbo unaopanga kwa kulinganisha maandishi yako, "saa 3" haitakuja juu ya "saa 12" kimakosa.

Ulinganifu wa pili ni wa mipangilio iliyokwisha kuwekwa. Hapa ndipo rafiki yako alipokuwa anakuelekeza, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Roundcube ina mpangilio unaoitwa time_format. Thamani yake ni herufi za tarehe za PHP, lugha ambayo Roundcube imeandikwa kwayo, kwa kawaida H:i, yaani saa na dakika. Kishawishi cha kwanza cha kila mtu ni kuongeza thamani mpya humohumo: time_format iwe "swahili", halafu msimbo uangalie, ikiwa ni "swahili" ufanye hesabu yako. Linaonekana safi. Sasa chukulia karani amelichagua, likahifadhiwa kwenye hifadhidata, kisha wewe kwa sababu yoyote ukarudi toleo la nyuma, kama ulivyofanya wiki iliyopita. Toleo la nyuma halijui "swahili" ni nini. Linajua herufi. Litachukua s liandike sekunde, w liandike namba ya siku ya wiki, a liandike am, h liandike saa, i dakika, l jina zima la siku, i dakika tena. Barua yetu ya Jumatatu itasomeka hivi kwenye orodha:

071am0915Monday15

Hakuna kosa litakaloonekana popote, hakuna kumbukumbu ya hitilafu itakayoandikwa. Karani ataona uchafu huo mstari baada ya mstari, na kwa sababu umo kwenye mapendeleo yake, kuzima na kuwasha kompyuta hakutamsaidia.

Kishawishi cha pili ni kubuni herufi mpya. Nimekutana nacho kwa vijana wenye akili nzuri kabisa. Anasema: nichukue S ya Saa. S inatumika, huandika viambishi vya Kiingereza vya st na nd. Basi nichukue X, haina kazi. Ni kweli X haikuwa na kazi miaka mingi, mpaka PHP 8.2 ilipotoka Desemba 2022 ikazipa X na x kazi ya kuandika mwaka kwa tarakimu zote. Aliyejenga juu ya X alijenga kwenye kiwanja cha mtu, na mwenye kiwanja akaja.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa ni hii: usiiongezee thamani ya zamani maana mpya. Weka mpangilio mpya, wenye jina lake, unaokaa kando ya time_format bila kuugusa. Toleo la zamani likikutana na jina lisilolijua halilitafuti kabisa, na karani ataona 09:15 yake ya kawaida. Kurudi nyuma kunakuwa salama bila wewe kuandika mstari hata mmoja wa kukulinda.

Nilijifunza hili kwa gharama ya watu wengine, ndiyo maana nalisema kwa mkazo. Nilipokuwa natunza barua za ofisi moja Lindi, niliandika programu-jalizi yenye chaguo la ndiyo au hapana: barua mpya ziwe juu. Ndiyo ilihifadhiwa kama 1. Baadaye nikataka machaguo matatu, nikalitumia jina lilelile: 0 mpya juu, 1 za zamani juu, 2 kwa jina la mtumaji. Jumatatu asubuhi kila aliyekuwa amechagua barua mpya ziwe juu alifungua sanduku akakuta barua za miaka mitatu nyuma. Mhasibu alikaa siku mbili akiamini hakuna kilichoingia, na ndani ya siku hizo mbili kulikuwa na barua ya kusahihisha namba ya akaunti ya malipo. Ile 1 kwenye hifadhidata haikubadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyebadilisha maana yake bila kumwambia mwenye nayo.

Waliotangulia wamelifanya hili kwa ustadi, na msimbo wao uko wazi, usome. Roundcube zamani ilikuwa na top_posting, ya ndiyo au hapana: jibu liandikwe juu ya barua ya zamani au chini yake. Watu wakataka la tatu, kutonukuu kabisa. Wakaunda jina jipya, reply_mode, ambamo 1 ni juu, 0 ni chini, na hilo jipya wakalipa -1. Angalia walivyochagua namba. Ndiyo ya zamani ikisomwa kama namba ni 1, hapana ni 0, kwa hiyo chaguo la mtu wa miaka ile linaingia kwenye jina jipya likiwa na maana ileile, na jambo jipya limepewa namba ambayo ndiyo na hapana haziwezi kuifikia. Ndani ya faili la rcube_config.php kuna orodha fupi inayofunga majina mapya na ya zamani. Programu ikikosa jipya huangalia la zamani. Humo utakuta pia pagesize, idadi ya mistari kwa ukurasa, iliyogawanyika kuwa mbili, mail_pagesize ya barua na addressbook_pagesize ya kitabu cha anwani, na zote mbili zinarithi kwa mzazi mmoja.

Mutt, ambayo Michael Elkins aliianza 1995 na bado inatumiwa na watu wanaopenda kusoma barua kwenye skrini ya maandishi matupu, ina mpangilio wa umbo la orodha unaoitwa index_format. Zamani uliitwa hdr_format. Jina la zamani limeachwa ndani kama kisawe, na mtu aliyeandika faili lake la mipangilio miaka hiyo halilazimiki kulifungua tena. Hata saa unayoitumia kila siku imelindwa hivyo: kwenye hifadhidata ya majira ambayo kompyuta karibu zote duniani huitumia, Africa/Dar_es_Salaam leo ni kiungo tu kinachoelekeza Africa/Nairobi. Data ilihamishwa, jina likaachwa, na seva yako iliyoandikwa Dar es Salaam kwenye config haijawahi kukosea hata dakika moja kwa ajili hiyo.

Sasa chaguo-msingi. Mpangilio wako mpya ukiwa haujaguswa lazima uonyeshe kile kilichokuwepo jana, 09:15, hata kama wewe na mimi tunaamini saa za Kiswahili ndizo zinazofaa kwa ofisi ya Newala. Kuna sababu ya ndani kuliko adabu. Roundcube haihifadhi chaguo la mtumiaji likiwa sawa na la msingi na hajawahi kulibadilisha. Thunderbird, programu nyingine ya barua, nayo kwenye faili lake la prefs.js huandika kilichobadilishwa tu. Maana yake hifadhidata haiwezi kukuambia nani alilitaka hili na nani hakuwahi kufungua ukurasa wa mipangilio. Ukigeuza chaguo-msingi kwenye programu yenyewe, umegeuza kwa wote wawili, pamoja na ofisi ambazo hazina Mswahili hata mmoja. Kwenye seva yako wewe una ruhusa nyingine: andika thamani unayoitaka kwenye config.inc.php, hiyo ni nyumba yako. Faili la defaults.inc.php usiliguse.

Na ukishaweka chaguo, mheshimu msimamizi. Kuna mpangilio wa dont_override ambamo msimamizi huorodhesha mambo ambayo watumiaji hawaruhusiwi kubadilisha. Jina lako likiwemo humo, usilionyeshe kwenye ukurasa wa mapendeleo na usikubali kulihifadhi. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili.

Kwa hatua ya kwanza usipeleke chochote kwa wenye mradi. Andika programu-jalizi. Roundcube ina vituo ambavyo programu-jalizi inaruhusiwa kusimama na kushika kinachopita. Utahitaji vitatu: messages_list, ambapo barua zinapita kabla ya orodha kuchorwa na unaweza kubadilisha maandishi ya safu ya tarehe peke yake, preferences_list, kuongeza kisanduku chako kwenye ukurasa wa mipangilio, na kipange sehemu ya general, kando ya time_format, mtu akitafute anapokitarajia, na preferences_save, kukihifadhi. Jina la mpangilio lianze na jina la programu-jalizi yako, maana mapendeleo yote ya mtu mmoja yanawekwa pamoja kwenye safu moja ya jedwali la users, ya kwako na ya kila programu-jalizi nyingine, na mbili zikitumia jina moja zitakulana. Kwa kusimama kwenye messages_list umeikwepa format_date, na mstari wa jibu kwa mnunuzi unabaki 09:15 bila wewe kufanya juhudi.

Unaposoma thamani, usiamini ulichokikuta. Kama si mojawapo ya zile unazozijua, rudi kwenye ya kawaida kimyakimya. Kesho utaongeza thamani nyingine, keshokutwa utarudi nyuma, na hiyo thamani itakuwa imebaki humo.

Hesabu yenyewe ni fupi: saa ya kompyuta ongeza 6, gawa kwa 12, shika kinachobaki, kikibaki sifuri andika 12. Fanya hesabu hiyo baada ya barua kuhamishiwa majira ya mtumiaji, si kabla. Barua iliyotoka Mumbai ina +0530 kichwani. Ukiihesabu ilivyo utampa karani saa ya Kiswahili ya Mumbai, ambayo haipo.

Maneno ya wakati ndiyo yatakayokuchosha kuliko msimbo. Saa 16:00, mzee wa Mikindani atakuambia saa kumi alasiri, kijana wa Masasi atakuambia saa kumi jioni, na wote wako sawa. Saa 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri, lakini wapo wanaoiita usiku. Usitie mipaka hiyo kwenye msimbo kama sheria. Maneno yakae kwenye folda ya localization ya programu-jalizi yako, pamoja na en_US.inc kwa ajili ya wasio na Kiswahili, na mipaka yake iwe kwenye config ili msimamizi wa Kilwa aipange wanavyosema Kilwa.

Kuna jambo moja hapo ambalo mtu asiyekulia pwani hataliona, na naona fahari kwamba ni sisi tunaoweza kuliona. Roundcube, ukiacha mpangilio wake wa prettydate ukiwa umewashwa, huandika barua za wiki hii kwa jina la siku badala ya tarehe. Barua ikiingia Alhamisi saa 21:00, hesabu yako itatoa "Alhamisi 3:00 usiku". Lakini kwa wazee wetu siku inaanza magharibi jua likizama, na usiku ule ni usiku wa Ijumaa, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukimwandikia "Ijumaa 3:00 usiku", mmoja ataelewa usiku huo wa Alhamisi na mwingine ataelewa usiku unaofuata. Umelileta Kiswahili ili kuondoa utata, halafu umeingiza utata ambao 21:00 haikuwa nao. Mimi ningefanya hivi: mtindo wa Kiswahili ukiwa umewashwa na wakati ukiwa ni usiku, andika tarehe kwa namba, 6/3 3:00 usiku, wala usitaje siku. Tarehe ya namba hakuna anayeianzisha magharibi. Na mtu akiweka kishale juu ya maandishi, mwonyeshe tarehe na saa kamili kwa mtindo wa kompyuta. Hilo litamsaidia pia karani anayesomewa barua kwa simu na mtu wa Dar es Salaam anayetaja 21:00.

Upana nao: "3:15 asubuhi" ni ndefu zaidi ya mara mbili ya 09:15. Kwenye mandhari ya Elastic, yaani sura ya ukurasa iliyokuja na toleo la 1.4 mwaka 2019, orodha ni nyembamba hasa kwenye simu. Kifupisho cha asb. au mch. kinatosha, ilimradi usitumie kimoja kwa mawili, "al." inaweza kuwa alfajiri au alasiri, na kati yao kuna karibu nusu siku. Usibadilishe majina ya safu wala mpangilio wa vipande vya ukurasa ili upate nafasi. Watu wameandika mandhari zao wakitegemea majina hayo, na wao hawatakuona ukiyabadilisha, wataona tu ukurasa umeharibika.

Itumie programu-jalizi hiyo ofisini kwako msimu mzima, kuanzia maghala yanapofunguliwa hadi mnada wa mwisho. Ukiona imetulia, ndipo uitoe hadharani. Ukitaka iingie kwenye programu yenyewe, usiwapelekee wenye mradi ombi la "saa za Kiswahili" peke yake. Waombe kituo kimoja kidogo: mahali ambapo programu-jalizi inaweza kushika maandishi ya tarehe kabla ya kuonyeshwa kwenye kioo, ikiwa inajua kama ni ya kioo au ya barua inayotoka. Hicho kitamfaa Mwethiopia, ambaye kalenda yake ni tofauti na saa zake zinaanza asubuhi kama zetu, kitamfaa na mwenye kalenda ya Kiajemi. Ombi dogo linalowafaa wengi na lisilobadilisha chochote kwa asiyelitumia ndilo linalopata masikio. Waeleze hadithi ya mstari wa jibu na ya mnunuzi, wataelewa kwa nini kioo na barua vitenganishwe.

Kwa majaribio, tengeneza akaunti mbili kwenye seva ya pembeni, usitumie ya ofisi. Moja haijawahi kufungua ukurasa wa mipangilio. Nyingine ichukue nakala ya mapendeleo ya karani wako mkongwe zaidi, yule aliyeanza na seva. Ya kwanza lazima ione kile ilichokuwa inaona kabla ya programu-jalizi, herufi kwa herufi. Jitumie barua za saa 00:00, 06:00, 12:00 na 18:00 kamili, maana hesabu huharibika kwenye kona: majibu ni 6 usiku, 12 asubuhi, 6 mchana na 12 jioni. Ongeza moja ya Mumbai, ya saa 11:45 yenye +0530, ambayo kwetu ni 09:15. Kisha zima programu-jalizi ghafla bila kufuta mapendeleo, uone orodha inarudi 09:15 bila uchafu. Mwisho kabisa bonyeza Jibu kwenye ile barua ya Mumbai ujitumie kwenye anwani ya nje. Barua ile kwenye orodha ikiwa inasomeka 3:15 asb., na ndani ya jibu lililofika nje mstari wa nukuu ukiwa unasomeka 09:15, iwashe kwa makarani.